Miamba tabaka au miamba mashapo? Mzee wa njia ya Magadi alivyonisahihisha

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutafsiri katika kikao cha wakazi kando ya barabara ya Magadi, mbele kidogo ya Olorgesailie. Kampuni moja ndogo ilitaka kukodi sehemu ya uwanda ili ichimbe mawe meupe, laini, yanayopatikana pale. Hati ya makubaliano ilikuwa ya Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea wenyeji kwa Kiswahili, kisha mwenzangu aigeuze kwa Kimaasai kwa manufaa ya wasiokielewa Kiswahili vyema.

Nilipofika kwenye kifungu kilichotaja aina ya mwamba utakaochimbwa, nilisoma bila kusita: "miamba tabaka". Ndilo jina nililolizoea vitabuni. Mzee mmoja aliyeketi chini ya mgunga akainua fimbo yake.

"Mwalimu, hebu geuka uangalie huko nyuma yako."

Nikageuka. Ukuta wa Bonde la Ufa ulikuwa umesimama pale, safu juu ya safu, kama ngazi za jitu.

"Hayo nayo si matabaka?"

"Ni matabaka, Mzee."

"Sasa tukitia kidole hapo, si tumewapa na huo ukuta? Na mbuzi watalisha wapi?"

Kikao kiliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Ukuta ule una matabaka, lakini hauhusiani kamwe na kile ambacho hati ilikusudia. Neno nililolitumia lilieleza sura ya mwamba, ilhali hati ilikuwa inazungumzia asili yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, majina tunayoyapa makundi ya miamba kwa Kiswahili yanasema yale yanayopaswa kusema?

Tuanze na tofauti ambayo wengi wetu huipuuza. Jiwe ni kipande. Mtu aweza kuliokota, kulirusha au kulipanga ukutani. Mwamba ni lile pande kubwa ambalo jiwe limetoka. Mabaharia wa Pwani hulitumia neno hilo hilo kwa ule mgongo uliofichika majini ambao chombo kikiugonga huvunjika. Kwa hivyo tunapopanga aina, tunapanga miamba. Mawe ni watoto wake tu.

Mtu wa kawaida huyapanga mawe kwa matumizi. Ukifika Kitengela ukamuuliza fundi, atakutajia mawe ya kujengea, mawe ya msingi, kokoto na mchanga. Hana haja ya kujua zaidi. Anataka kujua lipi litabeba ghorofa na lipi litavunjika. Mtaalamu wa jiolojia huuliza swali jingine: mwamba huu ulizaliwaje? Kwa kufuata jibu la swali hilo, miamba yote duniani huingia katika makundi matatu. Bahati nzuri ni kuwa Kaunti ya Kajiado inayo yote matatu, na waweza kuyaona kwa siku moja ukiwa na gari na chupa ya maji.

Kundi la kwanza liko papo hapo Kitengela. Chini ya nyanda za Athi na Kapiti kuna mwamba mweusi, mgumu, uitwao fonolaiti. Ulitoka ardhini ukiwa uji wa moto miaka milioni 13 hivi iliyopita, ukatambaa, ukapoa, ukaganda. Jina fonolaiti limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti, kwani kibapa chake kikigongwa kwa nyundo hulia kama chuma. Hiyo ni sifa ya sikio tu. Kinachouweka mwamba huo katika kundi lake ni ule moto.

Kiswahili kina majina mawili yanayoshindania kundi hili: "miamba ya volkeno" na "miamba ya moto". La kwanza ni finyu. Yatazame majabali ya Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria. Yale ni matale, yaani graniti, na ulikuwa uji wa moto vilevile, ila ulipoa polepole kilindini bila kulipuka kupitia mlima wowote. Ukisema "miamba ya volkeno", matale yanabaki nje ya nyumba yao wenyewe. Ukisema "miamba ya moto", yanaingia. Nawasihi tu tusiangushe kile kiunganishi "ya". "Mwamba moto" ni ule utakaokuunguza nyayo saa nane mchana. "Mwamba wa moto" ni ule uliozaliwa na moto, hata kama leo ni baridi kama barafu.

Kutoka Kitengela, pita Isinya uelekee mji wa Kajiado. Hapo ardhi hubadilika. Unakanyaga miamba mikongwe iliyokandamizwa na kupashwa joto kilindini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na miongoni mwayo kuna marumaru. Hapo kale marumaru hiyo ilikuwa mawe ya chokaa. Joto na mgandamizo viliyageuza, chembe zake zikapangika upya, yakawa mawe magumu yanayometameta. Hayakuyeyuka, yangeyeyuka yangerudi kundi la kwanza.

Hapa neno letu limeingia matatani. Leo ukimwambia fundi akuwekee marumaru sebuleni, atakuletea vigae vya udongo uliochomwa kiwandani. Jina la mwamba limehamia kwenye kitu chochote kinachong'aa sakafuni. Sioni sababu ya kumlaumu fundi, maana lugha huenda na watu. Hata hivyo, mwanafunzi anayeishi Kajiado, juu ya marumaru yenyewe, anastahili kuambiwa kwamba neno hilo lina maana ya pili, na kwamba hiyo ya pili ndiyo ya kwanza.

Kundi hili huitwa "miamba geu" katika baadhi ya vitabu. Jina hili silikatai, kwa sababu linataja tendo lililouunda mwamba. Lakini "geu" humkumbusha msomaji kigeugeu, mtu asiyekaa na neno moja, kana kwamba mwamba unabadilika kila asubuhi. Marumaru ya Kajiado ilishageuka ikatulia. "Miamba mgeuko", au kwa ufafanuzi zaidi "miamba iliyogeuka", ingeeleza vyema kwamba tendo limekwisha.

Sasa rudi Isinya, shika njia ya Kiserian, kisha uteremke kutoka Corner Baridi. Joto litakupokea. Kila hatua ya mteremko hupita kando ya kuta za bonde, na hapo ndipo lilipo jibu la mzee wetu. Nyingi za kuta hizo ni trakaiti, mwamba wa moto. Uji ulimwagika ukagandia, mwingine ukaja ukatandazwa juu yake, na baadaye ardhi ikapasuka na kushuka, ngazi zikajitokeza. Zina matabaka, naam. Lakini kila tabaka ni mtoto wa moto.

Yale mawe meupe ya Olorgesailie yana historia tofauti kabisa. Palikuwa na ziwa. Viumbe wadogo sana wa majini, wenye maganda magumu kama kioo, walikufa wakazama, na maganda yao yakatuama chini miaka na mikaka mpaka yakawa mwamba mwepesi uitwao diatomaiti. Kiswahili kina neno zuri kwa kitu kinachotuama: mashapo. Ni yale masalio yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. Mtu yeyote aliyewahi kunywa kahawa ya kuchemsha anajua mashapo yanavyotokea. Basi kundi la tatu na liitwe "miamba mashapo". Tabaka ni dalili yake ya kawaida, lakini dalili si ugonjwa.

Ukifika Ziwa Magadi utaona jambo linalounganisha makundi. Neno magadi tunalijua jikoni: chumvi ile inayolainisha mahindi makavu, maharagwe na mrenda. Ziwani ni mwamba mzima, uitwao trona. Maji hupita katika miamba ya moto, huyeyusha soda iliyomo, hutokeza kwenye chemchemi za maji moto kandokando ya ziwa. Ziwa halina mto unaotoka. Jua hunyonya maji, soda hubaki, huganda, hujilimbikiza mpaka unene wa makumi ya mita. Ndiyo mali iliyoleta kampuni ya soda mwaka 1911 na reli kutoka Konza. Mwaka 2014 watafiti walitoboa hapo karibu mita 200 za mashapo kabla ya kugonga trakaiti yenye umri wa takriban miaka milioni moja. Moto chini, mashapo juu, na mashapo yenyewe yamelishwa na ule moto.

Tena Magadi imetoa neno kwa ulimwengu. Mwaka 1967 mwanajiolojia Hans Eugster alieleza madini mawili aliyoyakuta huko, akayaita magadiaiti na kenyaiti. Alionyesha kuwa magadiaiti, ikipoteza soda na maji yake, hugeuka kuwa jiwe gumu ambalo Waswahili waliliita gumegume, jiwe la kutoa cheche, lililozipa jina bunduki za zamani. Leo mwanafunzi wa jiolojia popote duniani hulitamka neno la jikoni kwetu. Nasi tushindwe kumwambia mkazi wa Magadi, kwa lugha yake ya taifa, mwamba wake ni wa kundi gani?

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la wataalamu, na kwamba "miamba tabaka" limeshazoeleka. Mazoea nayaheshimu. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha wa madini kwa jamii ya mahali yanapochimbwa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 70 kwa serikali ya taifa. Watu wataketi chini ya migunga mingine kusomewa hati nyingine. Mtafsiri akitumia jina la sura mahali pa jina la asili, mwenye ardhi aweza kutoa kidole gumba kwa kitu ambacho hakukusudia kukitoa.

Siku ile hati haikutiwa saini. Kifungu kiliandikwa upya, kikataja miamba mashapo iliyoko uwandani, kuishia kwenye mguu wa ukuta, na mipaka ikatembelewa kwa miguu. Tuliporudi wiki iliyofuata, yule mzee alitaka kifungu kisomwe mara mbili. Nilisoma. Akauliza mashapo ni nini. Nikamwonyesha masalio ya majani chini ya kikombe chake cha chai.

"Hiyo sasa naelewa," akasema, akamwaga machicha yale mchangani.