Tarehe za Miladi na za Hijria Katika Programu za Kompyuta

Katika Chara na vijiji vingine vya delta ya Mto Tana, kuanzia Garsen hadi Kipini mto unapoingia baharini, shule na ofisi za serikali huandika tarehe kwa kalenda ya Miladi, ilhali Waislamu wa huko, wakiwemo Waorma na baadhi ya Wapokomo, hupanga funga, sikukuu na eda kwa kalenda ya Hijria, inayofuata mwandamo wa mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo hutangulia ule wa Miladi kwa siku zipatazo 11, na hakuna mwezi wa kalenda moja unaokaa daima sambamba na mwezi wa nyingine.

Kwa sababu hiyo watunzi wa programu hawageuzi mwezi kwa mwezi, bali huifanya kila tarehe kuwa idadi ya siku zilizopita tangu siku moja ya mwanzo, kisha idadi hiyo huigawa upya kwa kanuni za kalenda inayotakiwa. Idadi inayotumika sana ni ile inayoanzia mwanzo wa kipindi kilichobuniwa na msomi Joseph Scaliger mwaka 1583, ambayo kwayo tarehe 1 Januari 2000 ni siku ya 2,451,545. Ikitolewa 1,948,440, yaani siku ya kwanza ya Hijria, hubaki 503,105. Kalenda ya Hijria ya hesabu huenda kwa duru za miaka 30 zenye siku 10,631 kila moja. Duru 47, ambazo ni miaka 1,410, humeza siku 499,657, na zile 3,448 zinazosalia hutimiza miaka tisa zaidi na siku 259, nazo huangukia tarehe 24 Ramadhani 1420.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Ugumu uko katika desturi. Waswahili huita Shawwal Mfungo Mosi, na mtunzi asiyewajua wenyeji anaweza kudhani kuwa huo ndio mwezi wa kwanza wa mwaka, kumbe ni wa kumi, na mwaka hubadilika Mfungo Nne, ambao ndio Muharram. Eda ya mjane, ambayo ni miezi minne na siku kumi, huonyesha hasara ya kosa jingine: miezi minne ya mwandamo ni siku zipatazo 118, lakini ile ya Miladi ni 120 hadi 123, kwa hiyo programu inayojumlisha miezi ya Miladi humweka mwanamke ndani siku kadhaa asizopaswa kukaa.

Halafu kuna usiku. Siku ya Hijria huanza jua linapotua, na mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku, kwa hesabu ya nyumbani, amezaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe nyingine kabisa, ingawa cheti chake kitasema Alhamisi. Programu iliyohifadhi tarehe bila saa haiwezi kulijua hilo, na hakuna fomula itakayolirejesha.

Jambo la mwisho ni kwamba mwezi halisi haufuati duru ya miaka 30. Nchini Kenya Idi hutegemea mwezi kuonekana, na kukiwa na mawingu au tofauti ya maoni, siku ya sikukuu huweza kutofautiana na iliyohesabiwa, hata na ile ya kalenda ya Umm al-Qura ya Saudia, ambayo huandaliwa mapema kwa hesabu ya falaki. Ndiyo maana programu ya kutumiwa huku, ingawa inaweza kukisia tarehe zijazo kwa hesabu, inafaa kuwa na jedwali la mianzo ya miezi iliyokwisha kutangazwa, likiwa na nguvu kuliko hesabu, na iyaonyeshe makisio kuwa makisio mpaka mwezi uandame.