Maniema: Hesabu za biashara zisikae ndani ya daftari moja tu

Mfanyabiashara mwenye duka Nyangwe, kando ya mto Lualaba, depo ya mchele Kasongo na mwenzake anayeuza Kindu, hesabu zake ziko wapi? Kwa wengi kusini mwa jimbo la Maniema, jibu ni moja: ziko ndani ya daftari. Daftari likinyeshewa, likiibiwa ao mwenye kuliandika akikimbia, madeni yanabaki maneno matupu.

Hatari hiyo inajulikana. Huko Salamabila, wilayani Kabambare, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, mapigano kati ya jeshi na Maï-Maï Malaika yamekimbiza wakaaji mara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na Bukavu, hata benki zilifunga milango. Mtu anayekimbia hubeba watoto na simu, si kabati la karatasi.

Hapo ndipo huduma za klaudi, ao "wingu", zinaposaidia. Hati huwekwa katika kompyuta kubwa za kampuni zilizo mbali, na wenye ruhusa huzifungua kwa simu ao kompyuta yoyote. Google inatoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, Microsoft gigabaiti 5.

Si sawa na kutuma picha ya daftari kwa WhatsApp. Katika klaudi, wote wanaandika kwenye karatasi moja. Aliye Kasongo akiandika kwamba magunia 40 yametoka, aliye Kindu anaona 40 kabla lori halijafika. Programu inatunza pia kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi. Ugomvi mwingi kati ya washiriki unaweza kuishia hapo.

Kazi ya namna hiyo si ngeni nchini. Zone za afya za Congo huingiza ripoti zao katika DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Takwimu zilizoingizwa wilayani zinaweza kusomwa Kindu na Kinshasa bila kungoja bahasha iletwe kwa pikipiki.

Vizuizi vipo: umeme, bei ya mega na rezo inayokatika. Lakini hesabu na maandishi hula mega kidogo kuliko picha na video. Tena, karatasi iliyotayarishwa mapema inaweza kuandikwa bila intaneti. Rezo ikirudi, inajipatanisha na zingine. Mwezi wa Mei 2025, serikali iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, na hiyo inaweza kufungua njia kwa vijiji visivyo na mnara wa simu, kwa wale watakaoweza kununua kifaa chake.

Hatari nyingine inatoka ndani ya biashara yenyewe. Akaunti ikifunguliwa kwa jina la karani mmoja, siku akiondoka anaweza kuondoka nayo. Inafaa akaunti iwe ya biashara, watu wawili waaminifu wawe na uwezo wa kuifungua, na kila mfanyakazi apewe ruhusa ya kazi yake tu: huyu kuandika, yule kusoma. Neno la siri lisibandikwe ukutani. Risiti za kodi zitunzwe bado kwenye karatasi.

Karne ya 19, Nyangwe ilikuwa soko kubwa la wafanyabiashara kutoka pwani, na barua ya Zanzibar ilitembea miezi kwa miguu ya wapagazi. Leo habari ya depo inaweza kufika Kindu kwa dakika moja.

Mwenye kutaka kujaribu aanze na kitu kimoja: orodha ya madeni. Aiandike mwezi mzima katika daftari na katika klaudi pia, kisha alinganishe. Hapo ataona mwenyewe kama inamfaa.