Fahamu: Madini ya Wigu na moshi wa magari

Kusini mwa milima ya Uluguru, karibu na Kisaki, miamba ya Kilima cha Wigu ina seriamu, elementi inayosaidia kusafisha moshi wa magari. Ndani ya kichujio cha bomba la moshi mna sega la kauri, vitundu vyake kama vya nyuki, lililopakwa oksidi ya seriamu. Oksidi hiyo huhifadhi oksijeni ikizidi na kuiachia ikipungua, hivyo kaboni monoksidi yenye sumu hugeuka kaboni dioksidi. Ikichanganywa na zirkoni hustahimili joto zaidi. Wapo wasemao salfa ya mafuta yetu huharibu kichujio hicho. Kweli, salfa hudhuru, lakini mwaka 2015 Afrika Mashariki ilishusha kiwango chake kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Ila kichujio kilichong'olewa hakisafishi chochote. Ukinunua gari, chungulia chini uone kama bado kipo.