Mahepe, Ugonjwa Unaopooza Kuku

Hapa Endagikot na katika vijiji vinavyotuzunguka ni nyumba chache zisizo na kuku. Mgeni akifika, kuku huchinjwa. Mtoto akirudi shule ya bweni, kuku wawili hupelekwa mnadani, na kwa bei yao hupatikana sabuni, madaftari na nauli. Basi kuku wakifa, hasara haiishii bandani, bali yafika mpaka bwenini. Kwa sababu hiyo ningependa kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za ugonjwa ambao wengi wetu huuchanganya na mwingine. Ugonjwa huo huitwa mahepe.

Sisi tukiona kuku wamekufa husema mara moja, "Ni mdondo." Mara nyingi huwa kweli. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huja ghafla na kushika kuku wa kila umri. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na kwa siku chache banda zima laweza kubaki tupu. Mahepe hayaji hivyo. Huchukua mmoja leo, na mwingine baada ya wiki moja au mbili. Aghalabu hushika kuku wachanga wenye umri wa wiki 6 hadi miezi 5 hivi, yaani matetea wanaokaribia kutaga, ambao mwenyewe amekwisha kuwalisha muda mrefu.

Dalili yake kubwa ni kupooza. Kuku hulala chini, mguu mmoja ameunyoosha mbele na mwingine nyuma. Pengine bawa moja huning'inia, au jicho hugeuka rangi ya kijivu na mboni yake haiwi mviringo tena. Wengine hawapoozi, ila hukonda mpaka kifua kikawa kama kisu. Walakini si kila kuku anayechechemea ana mahepe. Kuna aliyeumizwa na kamba alipofungwa miguu kupelekwa sokoni, na kuna kifaranga aliyekunja vidole kwa kukosa vitamini B2 katika chakula.

Katika vitabu vya kigeni ugonjwa huu huitwa kwa jina la József Marek, daktari wa wanyama wa Budapest, Hungaria, ambaye mwaka 1907 aliandika habari za majogoo 4 waliopooza. Kisababishi chake hakikujulikana mpaka mwaka 1967, wataalamu wa Uingereza walipokigundua kuwa ni kirusi. Kirusi hicho huvimbisha mishipa ya fahamu, na huotesha uvimbe wa saratani katika ini, wengu na mfuko wa mayai. Chanjo ilipatikana muda mfupi baadaye, nayo ni chanjo ya kwanza duniani iliyofaulu kuzuia saratani katika kiumbe chochote.

Nyumbani kwetu mwaka jana matetea 5 kati ya 11 walipooza mmoja baada ya mwingine. Baba alinunua dawa ya unga mara tatu, tukaitia katika maji yao, wala haikufaa kitu. Bwana Mifugo alipokuja alimpasua mmoja aliyekufa, akatuonyesha mishipa miwili inayokwenda miguuni. Mmoja ulikuwa mwembamba na mweupe, na wa pili mnene na wenye rangi ya manjano. Alituambia kwamba dawa zile huua bakteria, na mahepe ni kirusi. Hakuna dawa ya kuyaponya.

Ugonjwa huu husafiri kwa njia gani? Kirusi hukomaa katika mashina ya manyoya, kikatoka pamoja na vumbi jepesi la ngozi na manyoya. Kuku wengine hulivuta vumbi hilo kwa pumzi. Katika vumbi la banda kirusi chaweza kuishi miezi mingi, na kuku aliyekwisha kuambukizwa hukitoa maisha yake yote, hata akionekana mzima. Sisi tunaokaa nyanda za juu za Mbulu hatuna budi kulifikiri jambo hili. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, vifaranga huwekwa karibu na moto, katika chumba kile kile wanamolala kuku wakubwa, mlango ukafungwa. Joto wanalipata, na vumbi nalo wanalipata. Lakini kuna mambo mawili ya kututuliza: kirusi hiki hakipiti ndani ya yai, wala hakimdhuru binadamu.

Mtu atauliza, "Mbona tusichanje kama tunavyochanja mdondo?" Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha, ni rahisi: tone moja katika jicho kila baada ya miezi 3. Lakini haizuii mahepe. Chanjo ya mahepe hudungwa kwa sindano siku ile kifaranga anapoanguliwa. Kwa kawaida chupa moja hutosha vifaranga 1,000, na ikisha kuchanganywa lazima itumike kwa saa moja au mbili tu. Kwa mama mwenye vifaranga 12 chini ya kuku aliyeatamia, jambo hilo ni gumu. Ndiyo maana kazi hii hufanywa katika vituo vya kutotolesha vifaranga.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Siku hizi watu hununua vifaranga wa kuroila na saso waliochanjwa, wakawachanganya na kuku wa kienyeji. Chanjo ya mahepe humzuia kuku asiote uvimbe. Haizuii kirusi kuingia mwilini mwake, wala kutoka. Mwaka 2015 Andrew Read na wenzake walitangaza kwamba kuku waliochanjwa, wakiambukizwa kirusi kikali, waliweza kuishi na kukieneza, na wasiochanjwa waliokaa nao wakafa. Haifai kusema kwamba chanjo ni mbaya, maana aliyechanjwa amelindwa. Ila tusisahau kwamba chanjo yake haimlindi jirani yake.

Basi tufanye nini? Nashauri hivi:

1. Anayenunua vifaranga aulize kama walichanjwa mahepe siku ya kwanza, na aandikiwe.

2. Vifaranga wageni wakae chumba chao peke yao, mbali na kuku wakubwa, kwa miezi miwili au zaidi. Hata waliochanjwa huhitaji wiki moja au mbili kabla kinga haijapata nguvu. Tuwalishe wao kwanza, kisha wakubwa, si kinyume chake.

3. Kwa kuwa yai halina kirusi, vifaranga wa kienyeji waweza kutengwa mara wakianguliwa, wakalelewa katika boksi safi lenye joto. Kama ni jiko la mkaa, chumba kiwe na tundu la hewa.

4. Banda lisifagiliwe likiwa kavu. Linyunyizwe maji kwanza ili vumbi lisiruke, kisha maranda ya zamani yachomwe. Kabla ya kuingiza kundi jipya, banda lioshwe na kukaa tupu.

5. Aliyepooza atengwe mara moja na kuchinjwa, na mzoga wa aliyekufa ufukiwe chini sana au uchomwe.

6. Tuchague mbegu kwa kuku wazee waliopita ugonjwa huu salama, maana ukoo mmoja wa kuku hushinda mwingine kwa kuustahimili.

7. Kabla ya kununua dawa, tumwite Bwana au Bibi Mifugo ampasue mmoja. Gharama yake ni ndogo kuliko dawa tatu zisizofaa.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu. Kuku wakianza kupooza, mwenyewe hushawishika kuwatia wale waliobaki katika tenga na kuwakimbiza mnadani kabla hawajafa. Atapata pesa ya siku moja. Lakini anayewanunua ni mama mwingine, naye ana mtoto anayengojea sabuni na madaftari. Kuku wale tuwale nyumbani, nyama ikipikwa vizuri haina dhara kwa mtu. Nasi wanafunzi, likizo ijayo tushike fagio na ndoo ya maji, tukaanze na banda la nyumbani kwetu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV