Kanda za Video za Nyumbani: Trekingi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Kila Oktoba 27, Siku ya Urithi wa Picha na Sauti Duniani, hutukuta tukihimizana kuhamishia kanda za zamani za video kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Wito huo ni wa haki. Mwaka 2019 UNESCO, ikishirikiana na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, ilitoa tahadhari kwamba karibu na mwaka 2025 mitambo ya kuchezea kanda huenda isipatikane tena. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, ilikwisha kuacha kazi hiyo Julai 2016. Lakini katika haraka hii kuna hatua inayorukwa. Kanda inachomekwa, nyaya zinaunganishwa, kurekodi kunaanza, na harusi ya wazazi inaingia kwenye flashi ikiwa na mstari wa chenga chini ya picha na sauti inayonguruma, kwa sababu tu hakuna aliyegusa trekingi, kile kitufe cha deki kinachoilinganisha na kanda inayochezwa. Hoja yangu ni kwamba kosa linaloingia wakati wa kuhamisha ni baya kuliko uchakavu wa kanda yenyewe, kwani likishaingia kwenye nakala na kanda ikatupwa, hakuna pa kurudi.

Ili kuona kwa nini kitufe kidogo kina uzito huo, turudi Chicago, Aprili 1956, ambako kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mashine ya kwanza ya kurekodi video iliyofaa kwa kazi ya utangazaji. Ilibuniwa na timu ya Charles Ginsburg, na ndani yake alikuwamo kijana Ray Dolby, ambaye jina lake baadaye lilienea duniani kwa kazi yake ya kupunguza kelele kwenye sauti. Utepe wake ulikuwa na upana wa inchi mbili, na hedi nne, yaani vichwa vinavyoandika na kusoma utepe, zilizunguka mara 14,400 kwa dakika. Ulikuwa ushindi mkubwa wa uhandisi, ila ulikuwa na kasoro moja ninayoipenda kuliko sifa zake zote, maana inafundisha: kanda iliyorekodiwa kwa hedi fulani ilichezeka vizuri kwa hedi zile zile tu, hata studio zikalazimika kuhifadhi hedi pamoja na kanda zake. Historia yote iliyofuata, mpaka JVC ilipotoa deki yake ya VHS mwaka 1976, ni historia ya kuzifanya mashine zilizotengenezwa mbalimbali zisome kazi za mashine nyingine. Upatanisho huo haukuwahi kukamilika kwa asilimia mia. Salio lake aliachiwa mwenye deki, nalo ndilo liitwalo trekingi.

Utepe wa VHS una upana wa milimita 12.7, na katika mfumo wetu wa televisheni wa PAL ngoma inayobeba hedi huzunguka mara 25 kwa sekunde ikichora mistari ya mshazari, kila mstari ukiwa na wembamba wa unywele. Ukingoni mwa utepe kuna alama zinazoieleza deki kila mstari unaanzia wapi. Trekingi huwahisha au kuchelewesha kidogo mwitikio wa deki kwa alama hizo, ili hedi ipite katikati ya mstari badala ya kukanyaga wa jirani. Kamera iliyorekodi ikiwa na mapungufu yake, mapungufu hayo yamo kwenye kanda daima. Ndiyo maana marekebisho yanayoifaa kanda moja hayaifai nyingine, na fundi anayepanga deki mara moja asubuhi kisha akahamisha kanda ishirini hatendi haki.

Wapo watakaosema deki za miaka ya mwisho zina trekingi ya kujiendesha. Ni kweli, na kwa kanda nzima isiyo na jeraha inatosha. Lakini inafuata nguvu ya mawimbi yanayosomwa kutoka kwenye kanda, na kanda iliyochakaa au iliyorekodiwa kwa mashine mbili tofauti huiyumbisha. Hapo ni afadhali mkono wa mtu mwenye macho na masikio. Wengine watasema kompyuta itasafisha baadaye. Kompyuta inaweza kukoza rangi na kupunguza mwanga, lakini haijui uso uliofunikwa na chenga ulikuwa wa nani. Kwenye deki, ukali wa picha nao uwe wastani au chini yake, kwani ukiupandisha unazidisha punje, huongezi undani wowote.

Kwa sauti, sikiliza kabla ya kutazama. Kanda ya VHS huweza kuwa na njia mbili za sauti: ya kawaida na ya Hi-Fi. Njia ya kawaida, iliyo ukingoni mwa utepe, inakwenda takriban sentimita 2.34 kwa sekunde, nusu ya mwendo wa kaseti ya redio, ndiyo maana inasikika nzito. Sauti ya Hi-Fi husomwa na hedi za kwenye ngoma, hivyo trekingi ikikosea kidogo inaanza kunguruma hata kama picha inapendeza. Sogeza trekingi mpaka mngurumo uishe. Usipoisha kabisa, hamia njia ya kawaida.

Huu si upenzi wa mashine kuukuu tu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miaka mingi, familia iliyokuwa na runinga bara iliiwasha kwa ajili ya deki. Harusi, misiba, maulidi na kwaya za miaka hiyo hazikurekodiwa na kituo chochote. Zimo kwenye kanda zilizo juu ya makabati yetu, na mara nyingi ni nakala moja tu. Kuzihamisha kwa pupa ni kuwadharau waliomo. Basi kabla hujamlipa fundi, mwambie akuchezee dakika tano za mwanzo, tano za katikati na tano za mwisho za kila kanda, arekebishe trekingi mbele yako, na hata akimaliza, kanda yenyewe usiitupe.