Mawe Yaliyookoa Nyasi

Kusini-magharibi mwa jimbo la Oklahoma, Marekani, ipo barabara ya lami ikatayo Hifadhi ya Wanyama ya Wichita Mountains. Msafiri aingiaye kutoka mashariki hukutana kwanza na Mlima Scott, ambao barabara ya kilometa 5 hivi huuzunguka hadi kileleni, mita 751 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko huonekana nchi mbili: nje ya hifadhi, mashamba na miji, ndani yake, nyasi ambazo hazikupata kulimwa.

Asili ya tofauti hiyo ni mwamba. Mlima huu ni wa graniti, iliyotokana na uji wa mawe ulioganda zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Milima ilifukiwa na mashapo, kisha mmomonyoko ukaifukua, ukaacha udongo haba uliojaa mawe. Mwaka 1901, nchi ya Wakiowa, Wakomanche na Waapache ilipofunguliwa kwa walowezi, milima hiyo isiyofaa kwa plau ilitengwa iwe msitu wa serikali. Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliitangaza kuwa hifadhi ya wanyama.

Wakati huo baisoni, mnyama wa jamii ya ng'ombe aliyewahi kuhesabika kwa makumi ya mamilioni, alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa, hasa kwa ajili ya ngozi. Oktoba 1907, baisoni 15 waliletwa kwa garimoshi kutoka bustani ya wanyama ya New York. Leo kundi lao hudumishwa kwenye kiasi cha 650.

Kwa nini lidumishwe, lisiachwe likue? Hifadhi ina hektari 23,900 hivi na imezungukwa na uzio. Tena wanyama wakali waliowinda baisoni zamani hawapo. Wakizaana bila kikomo, watazimaliza nyasi zilezile ziwalishazo. Kwa hiyo huhesabiwa, na waliozidi huondolewa. Vivyo hivyo, moto huwashwa kwa mpango, ili mitarakwa isienee na kuzifunika nyasi kwa kivuli chake.

Mawe yalizuia plau, lakini hayawezi kufanya kazi ya mnyama mkali wala ya moto wa radi. Kazi hizo sasa ni za binadamu. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: uzio ukishajengwa, ni mambo gani ya maumbile yanayobaki nje yake, na nani atakayeyatimiza?