Canon ama Sony? Angalia kwanza unaazima kwa nani

PITA Umoja, Kayole ama Donholm Jumamosi asubuhi na utawaona: begi jeusi mgongoni, stendi ya miguu mitatu mkononi, mbio kuelekea ruracio ama harusi. Zamani ungebeti bila kuchungulia kwamba ndani ya hilo begi kuna Canon. Siku hizi huwezi.

Sony ndiyo imevuruga soko. Mwaka 2006 ilichukua biashara ya kamera ya Konica Minolta, na wengi hawakushtuka. Kisha 2013 ikatoa a7, kamera ndogo isiyo na kioo ndani, lakini ya fulfremu kama yale majitu ya studio. Canon na Nikon zilijibu kwa fulfremu zao zisizo na kioo 2018. Miaka mitano! Hapo ndipo wasee wengi walihama.

Sasa wewe uko na 700D yako. Umeona video ya mwenzako, bibi harusi anacheza na fokasi haimtoki machoni. Unataka kuuza kila kitu uhamie Sony. Ngoja kidogo.

Kinachokufunga kwa kampuni ni lenzi, kwa sababu kila kampuni ina mdomo wake. Canon ilipoleta lenzi za EF mwaka 1987, waliokuwa na zile za FD waliachwa kwenye mataa. Ilipotoa EOS R mwaka 2018 haikurudia hayo: kuna adapta yake, na ile 50mm yako ya EF inashika vizuri tu. Kwa Sony utahitaji adapta ya kampuni nyingine, na fokasi inaweza kuyumba, hasa kwenye video. Yaani kile kitu ulichokifuata huko.

Tusiionee Sony lakini. Sigma na Tamron zimeitengenezea lenzi nyingi, na mara nyingi bei yake inaeleweka. Canon ilikuwa imefunga mlango. Lenzi za RF za kampuni hizo mbili zilitangazwa 2024, tena za kamera zisizo fulfremu.

Hayo yote utayapata YouTube. Usichoambiwa huko ni kwamba mtaani hakuna mtu ako na kila kitu. Ile 70-200 ya kanisani unaazima kwa jamaa wa Komarock. Flashi iko Buruburu. Betri ya pili ni ya jirani wa ploti. Ukihamia Sony na kikosi chako chote ni Canon, umejifungia nje ya hiyo stoo, na Jumamosi saa mbili asubuhi hakuna mtu wa kumpigia. Harusi hairudiwi. Lakini kama wenzako wamehama karibu wote, ni wewe uliyebaki peke yako, na hapo kuhama kuna maana hata kama Canon yako bado ni poa. Andika majina yao kwa karatasi, kisha uandike kila mmoja anatumia nini.

Ukiwa bado unawashwa, ikodi wikendi moja kabla ya kuuza chochote. Jaribu kwa sherehe ya binamu, ukumbi wenye taa mbovu. Na ukipata a7 ile ya kwanza kwa bei ya kutamanisha, uliza inakuja na betri ngapi. Inazimaliza haraka. Betri kubwa ilifika na a7 III mwaka 2018.